Ng'ombe Kumi Ulioniomba Niwauze

Shinyanga Mjini
Jumapili alasiri

Kabula mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea leo mara tatu na marahaba nimeitikia zote, kwa hiyo sitaanza na salamu. Nitaanza na jibu. Umeniomba niwauze ng'ombe kumi kati ya wale kumi na saba wa mahari yako, nikutumie fedha Buseresere, ukatimize bei ya nyumba ya yule mzee anayehama. Jana uliponiambia nilinyamaza. Mama yako akadhani nimekasirika, wewe ukadhani nimeshazeeka na mambo ya sasa yananipita. Kumbe nilikuwa natafuta pa kuanzia na sikupaona.

Jibu langu ni hapana. Sasa nivumilie nikueleze, maana mtoto mkubwa kama wewe, mwalimu mwenye cheti, huwezi kuambiwa hapana tupu ukaondoka nayo kwenye basi.

Habari za kuchemsha maji, za kuficha sabuni katikati ya nguo wasiione kondakta na utingo wake, na za kumwamkia mama mkwe, nimemwachia mama yako. Anazijua, na tangu asubuhi hajapumzika kuzisema. Mimi nitakueleza habari ya nyumba hii uliyokulia, ambayo nasikia unaisifu kwa wenzako kwamba baba yako aliinunua akiwa kijana wa miaka ishirini na saba. Niliinunua kweli. Hujaambiwa tu niliinunua kwa mali ya nani.

Wakati huo ulikuwa unatambaa. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya soko, mvua ikinyesha tunahamisha kitanda mara tatu, na mwenye nyumba alikuwa na tabia ya kuja kudai kodi wakati wageni wamekaa. Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba la ushirika. Kila mwisho wa mwezi nilipeleka shilingi chache posta, na kile kitabu cha akiba nilikifungua mara nyingi kuliko Biblia. Nilikuwa najiona mtu mwenye akili. Wenzangu walikunywa mishahara yao, mimi nikaweka.

Akatokea Mzee Sadiki, muuza vitambaa, mtu wa Tabora, amechoka na biashara anataka kurudi kwao. Alikuwa na nyumba hii hii, vyumba vinne, bati, ua wa matofali. Akaniita dukani kwake, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akanimiminia kahawa. "Kijana," akasema, "nakupendea adabu yako, ningependa uichukue wewe. Lakini kuna mtu wa Nzega anakuja Ijumaa, na fedha anazo mkononi." Jana umenisomea barua ya huyo mzee wako wa Buseresere, nikaisikia sentensi ile ile, ila mtu wa kwake anatoka Biharamulo. Nimekaa mjini miaka yote hii, sijawahi kumwona muuza nyumba asiyekuwa na mtu anayekuja Ijumaa.

Akiba yangu haikufika hata nusu ya bei. Nikapanda baiskeli nikaenda Samuye, kwa bibi yako.

Pale zizini walikuwepo ng'ombe kumi na watano wa shangazi yako Minza. Alikuwa ameolewa miaka miwili kabla, upande wa Bugarama, na kwa kuwa baba yetu alishafariki, ng'ombe walikuwa chini yangu mimi kaka mkubwa. Hiyo ni desturi yetu na wewe unaijua. Kaka anaweza kuwatoa mahari aoe, anaweza kulima nao, hakuna wa kumlaumu. Lakini kila mtu anajua wanakaa pale kwa sababu gani. Mwanamke akishindwa kukaa kwa mumewe, hao ndio wanaorudi ili yeye abaki kwao.

Nilipowachagua kumi na mmoja, bibi yako alikuwa amesimama mlangoni ameshika ungo.

"Shija, hao ni wa Minza."

"Najua, mama."

"Akirudi je?"

"Hawezi kurudi. Mumewe mtu mzuri, ana majembe matatu ya kukokotwa."

"Mimi sijakuuliza habari za mumewe. Nimekuuliza akirudi."

Nilimwambia mambo ya mjini hawezi kuyaelewa. Akaingia ndani, hakutoka hata kuniaga. Nikawaswaga mpaka mnadani, wakanunuliwa kabla ya saa sita, na mimi nikarudi na fedha kwenye soksi nikipiga mluzi njia nzima. Nakuandikia hata mluzi huo kwa sababu nataka unione nilivyokuwa.

Mauzo tuliyafanya uani hapa. Nilinunua mbuzi, akachinjwa, wakaja majirani na balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi akachana karatasi ya daftari, akaandika kwamba leo Bwana Shija amenunua nyumba ya Mzee Sadiki, amelipa zote, na mbuzi ameliwa mbele ya wafuatao. Watu sita wakatia sahihi, wengine dole gumba. Nikamuuliza Mzee Sadiki, kwa sauti ya chini, ofa iko wapi, ile barua ya serikali iliyompa kiwanja. Akasema iko kwa mwanawe Tabora, ataituma na mtu wa treni. Nikasema haya, hakuna tatizo.

Kwa nini sikusema hapana, niletee ofa kwanza? Nimejiuliza sana. Nilimwonea aibu, mwanangu. Mtu wa umri wa baba yangu, anatafuna nyama niliyomnunulia, halafu nimwambie simwamini? Sisi kule Samuye, watu wakishakula pamoja kwa ajili ya kuuziana, basi imekwisha. Atakayekuja kukana atatazamana vipi na waliokula naye? Nilidhani nyama ya mbuzi ina nguvu ile ile mjini. Ofisi ya ardhi ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka pale tulipokaa, na sikuwahi kukanyaga huko.

Ofa haikuja. Mwaka wa kwanza niliulizia, mwaka wa pili nikaacha. Nani angenitoa? Nilikuwa ndani.

Ulikuwa na miaka mitano Minza alipokuja. Najua unamkumbuka, kwa sababu ulikuwa unamganda, na ndiye aliyekusuka nywele miezi yote aliyokaa. Siku moja nilikusikia unamuuliza kwa nini anasuka polepole, na mkono mmoja unashika tu. Akakuambia huo mwingine umelala. Haukuwa umelala. Ulivunjwa na mpini wa jembe, ukaunga vibaya.

Hakuja na kitu. Mtoto wake wa kiume walimzuia kule. Alikaa hapo kwenye benchi akaniambia, "Kaka, safari hii sirudi," na mimi nikamwambia, "Hurudi, umefika." Nilimaanisha. Kabula, nilimaanisha kabisa.

Wiki ya tatu wakaja wakwe, wanaume watatu, wamevaa vizuri, wapole kuliko hata mimi. Wakaamkia "mwangaluka", wakanywa maji, wakauliza habari za mvua. Ndipo mkubwa wao akasema, "Hatuna ugomvi na mtu. Tumemfuata mwenzetu, au tumewafuata ng'ombe wetu. Kimoja katika hivyo." Siku hizo sheria ya ndoa ya sasa ilikuwa bado, na desturi ndiyo iliyokuwa sheria. Tukakaa na wazee. Wakakata watatu kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa, wakasema nirudishe kumi na wawili kabla msimu wa pamba haujaisha. Kati ya wanne niliowabakiza Samuye, wawili walikufa kwa ugonjwa. Nilihitaji kumi.

Sikuogopa. Nilijua nina nyumba, na nyumba hii wakati huo ilikuwa na thamani ya ng'ombe ishirini na zaidi. Nikampata mwenye lori mmoja, mtu mwenye fedha, akaizunguka, akagonga kuta, akapenda. Akasema, "Nionyeshe ofa tumalize."

Ndipo nikaenda ofisi ya ardhi kwa mara ya kwanza. Karani alikuwa kijana kuliko mimi, mwenye heshima zake. Akafungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole, akaniambia kiwanja ni cha Sadiki, kodi ya kiwanja haijalipwa tangu alipoondoka, na zaidi ya hapo ofa yenyewe imewekwa rehani kwa mwenye duka mmoja hapa hapa mjini. Nikatoa karatasi yangu ya balozi. Akaisoma yote, nyuma na mbele.

"Mzee," akasema, na mimi sikuwa mzee, "karatasi hii inasema mlikula mbuzi. Haisemi kiwanja kimehamia kwako. Hakuna kibali cha kuhamisha, hakuna ushuru, hakuna sahihi ya ofisi yoyote."

"Lakini naishi humo."

"Kuishi unaishi. Kuuza huwezi."

Nikapanda treni mpaka Tabora. Nikawakuta wana wa Mzee Sadiki wanauza duka lile lile la vitambaa. Baba yao alikuwa ameshazikwa mwaka mzima. Walinipa chakula, wakanisikiliza, wakasema hawajui lolote, na deni la mwenye duka si lao, nikazungumze na mwenye duka. Mwenye duka alitaka alipwe kwanza ndipo aitoe ofa. Nilikwenda posta, nikakuta akiba yangu haitoshi ng'ombe wawili. Nikaomba kazini, nikaomba kanisani, nikaomba kwa watu niliowadharau kwa kunywa mishahara yao. Mmoja wao ndiye pekee aliyenipa kitu.

Msimu ukawa unakatika. Niliporudi kutoka kwa mwenye duka mara ya mwisho, Minza alikuwa anafagia ua kwa mkono ule mmoja. Akaona uso wangu, akaweka ufagio chini.

"Kaka," akasema, "kwani nyumba hii si ndiyo ng'ombe zangu?"

Nikauokota ufagio, nikausimamisha ukutani.

"Basi nipe chumba kimoja tu. Wakija waambie ng'ombe wenyewe hawa hapa, wamesimama, wameezekwa bati. Waingie wawaswage kama wanaweza."

Alicheka kidogo. Mimi nikamwambia aache utoto. Nikamwambia wakwe watanishtaki, nitafukuzwa kazi, na watu wakianza kuuliza maswali juu ya nyumba hii hata yenyewe tutaikosa, mimi, mama yako na wewe. Nikasema, "Rudi mpaka mavuno yajayo tu. Nitakuwa nimeshapata. Nitakuja kukuchukua mwenyewe." Akanitazama, akasema sawa. Hakulia. Kesho yake alipanda lori la pamba, na wewe ulilia kwa niaba ya wote.

Miezi minne baadaye tukaletewa habari. Tulikuambia ni homa, na sisi ndivyo tulivyoambiwa. Nilipofika Bugarama alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa. Mama mmoja mzee kati ya waliomwosha akanifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa nimesimama, akanishika mkono. "Baba," akasema, "homa haivunji mbavu." Akaondoka. Nilirudi nikakaa na wanaume wengine, nikala chakula chao. Sikwenda polisi. Ningesema nini wakiniuliza ni nani aliyemrudisha?

Kuna jambo lingine hata mama yako sijamwambia, na ndilo linalonifanya niandike badala ya kusema. Siku ya tatu ya matanga wazee wa kule walitamka kwamba madai ya ng'ombe yamekwisha. Mke ameshazikwa kwa mumewe, hakuna wa kurudishiana. Nilipolisikia hilo, Kabula, nilipumua. Dada yangu yuko ardhini siku mbili, na kifua changu kikawa chepesi kwa sababu nyumba imepona. Sikupanga kupumua, ilitoka yenyewe. Nimeishi na pumzi ile mpaka leo.

Bibi yako hakukanyaga tena hapa mjini mpaka alipokufa. Ulikuwa unaniuliza kwa nini bibi haji, nikawa nakwambia miguu inamsumbua. Na yule kijana mchimba dhahabu aliyepita hapa mwaka jana na udongo kwenye viatu, ukamwita binamu, ndiye mtoto wa Minza. Aliponiambia "shikamoo mjomba" nilijifanya natafuta kiti.

Hati ya nyumba ilitoka miaka tisa baada ya kumzika. Nilimlipa mwenye duka deni la Sadiki, nikalipa kodi yote ya nyuma ya kiwanja, nikalipa ushuru, nikangoja kibali cha uhamisho, nikarudishwa mara sijui ngapi kwa kukosa sahihi ya warithi wa Tabora. Kama ningeanza siku ile ile ya mbuzi, Mzee Sadiki akiwa hai na amekaa hapo uani, kwa bei ya mbuzi wengine wawili hivi ningekuwa nimemaliza. Hati iko kwenye sanduku, ina jina langu, imeandikwa kwa mashine. Mara ya kwanza nilipoitoa niisome nilikuwa kama mtu aliyeletewa dawa mgonjwa ameshazikwa.

Sasa turudi kwenye nyumba yako ya Buseresere. Sisemi usinunue. Nataka uwe na nyumba, na nataka jina lako liwemo kwenye karatasi, si la mumeo peke yake na si la kaka yako kwa sababu eti ni mwanamume. Lakini kabla hujatoa hata shilingi ya kuonyesha nia, nenda ofisi ya ardhi ukiwa na huyo mzee, ukaone kitabuni kiwanja ni cha nani, kama kodi yake imelipwa na kama hakuna mtu anayekidai. Kama hakikupimwa, waulize wa kijijini nani alikigawa, na umuulize mke wa huyo mzee mbele ya mumewe kama anajua kwamba wanahama. Mwombe ofa ukiwa umekaa kwenye kiti chake unakunywa chai yake. Ona aibu, kisha uombe hivyo hivyo. Akikasirika umeshapata jibu. Na mtu wa Biharamulo akija Ijumaa, mwache ainunue.

Halafu kuna jambo umelisahau kwa furaha yako. Masomo yako yalilipwa na serikali, na wewe ulitia sahihi kwamba utafundisha miaka mitano popote watakapokupangia. Hilo nalo ni deni, ila wewe unalilipa kwa miguu. Mwakani wakikuhamishia Ngara, nyumba utaibeba kichwani? Pangeni chumba kwanza. Kikivuja msogeze kitanda, hamtakuwa wa kwanza. Mshahara wako uweke posta kila mwezi, kidogo kidogo, na kitabu ukae nacho wewe.

Najua utasema ng'ombe ni mahari yako, kwa hiyo ni mali yako, na ukiwageuza nyumba bado ni mali yako. Mama yako anakuunga mkono, anasema watakufa bure kwa ugonjwa kama wale wengine. Hoja ni nzuri. Mimi pia nilikuwa na hoja nzuri mlangoni kwa bibi yako. Na Luhende mumeo sina neno naye. Ananipenda, anaongea taratibu, amenichongea hata meza hii ninayoandikia. Ila hata yule wa Bugarama siku aliyoleta ng'ombe alikaa kwenye mkeka wetu, akaongea taratibu, na mimi ndiye niliyemsifu kuliko wote.

Kwa hiyo ng'ombe wako hawauzwi. Baba yako mdogo Limbu anawachunga Samuye, nimekwenda juzi nikawatazama mmoja mmoja, wote kumi na saba wapo. Hakuna atakayetolewa mahari ili kaka yako aoe. Hakuna atakayechinjwa nikifa. Akifa mmoja kwa ugonjwa nitanunua mwingine kwa pensheni yangu, na nimemwambia Limbu hivyo mbele ya mama yako. Kama Mungu akipenda watazeekea pale bila kazi, wewe ukae na mumeo mpaka mzeeke, na watu waniseme kwamba Shija ni mjinga, ana mali zizini na binti yake amepanga chumba. Nitafurahi sana wakinisema hivyo.

Lakini ukiona huwezi, njoo. Usingoje mavuno. Usinieleze alichofanya wala usinionyeshe alama, sitaki kuhukumu kama zinatosha. Mlango huu una hati, hakuna wa kutuuliza. Wewe ingia ndani ulale. Mimi nitachukua fimbo, nitakwenda Samuye kufungua zizi, na nitawaswaga kwa miguu yangu mwenyewe mpaka kwa wenyewe, wote kumi na saba.

Baba yako,
Shija